Kutoka Istilahi hadi Sentensi: Upimaji wa Kapasitansi na Uhakiki wa Kiswahili cha Fizikia

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya kuelezea upimaji wa kapasitansi katika saketi sahili ya mkondo geu. Inahoji kuwa udhaifu wa maelezo ya Kiswahili hautokani na uhaba wa istilahi, bali na vitenzi na vivumishi vinavyoziunganisha, na kwamba udhaifu huo unaweza kuthibitishwa kwa ammita.

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili kama lugha ya sayansi umeelemea mno kwenye nomino. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, yamefanya kazi ambayo mhakiki yeyote hana budi kuitambua. Hata hivyo, orodha ya istilahi si lugha ya sayansi. Lugha hiyo huanza pale istilahi zinapoingia katika sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya kama Nachingwea na Ruangwa. Huko watoto wengi hukulia katika Kimwera, Kimakonde au Kiyao, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Mwalimu anapoona darasa limekwama, hugeukia Kiswahili ili afafanue. Kwa hiyo, sera iwe imesema hivi au vile, Kiswahili ndicho hubeba ufafanuzi wa mwisho. Kikiwa na kasoro, hakuna lugha nyingine ya kumwokoa mwanafunzi.

Jaribio lenyewe

Jaribio ni jepesi. Transfoma hutoa volti 12 za mkondo geu wenye masafa ya hezi 50. Kapasita isiyo na ncha za chanya na hasi huunganishwa kwa mfululizo na ammita. Voltmita huunganishwa sambamba na kapasita. Ammita ikisoma miliampia 37.7, kapasitansi hupatikana kwa kugawanya mkondo kwa zao la 2π, masafa na volteji. Jibu ni maikrofaradi 10. Nomino zote zinazohitajika zipo: kapasita, mkondo, volteji, masafa. Hata fundi wa feni, ambaye hajapata kufungua kamusi ya fizikia, anaijua kapasita kwa jina hilohilo na husoma maikrofaradi zake ubavuni kabla ya kuibadilisha. Upande wa nomino, basi, hakuna mgogoro.

Kitenzi “kupita”

Mgogoro huanza na sentensi iliyozoeleka kuwa mkondo geu “hupita kwenye kapasita”. Katika Kiswahili, kinachopita huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Chaji haifanyi hivyo, kwa kuwa kati ya bamba mbili za kapasita pana kihami. Chaji hujaa kwenye bamba, hurudi ilikotoka, kisha hujaa kwa mwelekeo wa kinyume. Mwanafunzi aliyeamini kitenzi “kupita” hataelewa kwa nini kapasita hiyohiyo, ikiunganishwa na betri, huruhusu mkondo wa muda mfupi tu kisha ammita ikarudi kwenye sifuri.

Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayofaa zaidi: kujaa na kupwa. Maji ya hori hayapiti. Hujaa na kupwa. Tena, maji yanapojaa kabisa, mwendo wake husimama. Mwendo huwa mkali zaidi katikati ya kujaa na kupwa. Kina cha maji kikifananishwa na volteji, na mwendo wake na mkondo, jozi hii inaeleza jambo linalosumbua wanafunzi wengi: kwamba katika kapasita mkondo hutangulia volteji kwa robo ya mzunguko. Hata hivyo, ulinganisho huu ni mali ya pwani. Kwa mtoto wa Lindi mjini ni maisha ya kila siku. Kwa mtoto wa Nachingwea, aliye bara na mbali na hori, unaweza kuwa fumbo juu ya fumbo. Kwa hiyo, ubora wa tamathali ya kufundishia hauwezi kuamuliwa mezani pa mwanaistilahi peke yake.

Nomino “ukinzani” na kivumishi chake

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Neno “ukinzani” limezoeleka kwa kipinga mkondo cha kawaida, ambacho hugeuza nishati kuwa joto. Likitumiwa pia kwa kapasita, ambayo huhifadhi nishati na kuirejesha, tofauti hiyo hufutika. Athari yake inapimika. Kapasita ya maikrofaradi 10 katika hezi 50 huzuia mkondo kwa kiasi cha omu 318. Ikiunganishwa kwa mfululizo na kipinga cha omu 300, mwanafunzi aliyefundishwa kuwa vyote viwili ni “ukinzani” atajumlisha na kupata omu 618, hivyo atatarajia miliampia 19.4. Ammita itasoma takriban miliampia 27.4, kwa sababu viwili hivyo hujumlishwa kama pande za pembetatu mraba, na jumla yake ni omu 437. Hapa ammita inakataa sentensi, si hesabu.

Kwa mantiki hiyo, istilahi kama “ukinzani jumla” kwa kiasi hicho cha omu 437 ingekuwa mbaya kuliko kutokuwa na istilahi, kwani neno “jumla” lenyewe humwamuru mwanafunzi ajumlishe kwa njia ya kawaida. Istilahi “ukinzani rejeshi” kwa kapasita ingekuwa na nafuu: inataja tabia ya nishati kurejeshwa na inaonya kuwa kipimo hiki si cha aina moja na kile cha kwanza. Upungufu wake ni kwamba wanaisimu tayari wana “kirejeshi” chao, ingawa uwanja ni tofauti na hatari ya kuchanganya ni ndogo.

Hitimisho

Uhakiki wa Kiswahili cha sayansi umezoea kuuliza kama istilahi ni fupi, inatamkika na inakubalika. Vigezo hivyo ni vya lazima lakini havitoshi. Kigezo kinachokosekana ni hiki: je, sentensi iliyojengwa kwa istilahi hiyo humwongoza mwanafunzi kwenye kipimo sahihi? Kwa kigezo hicho, “kapasita” imefaulu, ilhali “kupita” na “ukinzani” usio na kivumishi havijafaulu. Mwalimu tarajali wa Chuo cha Ualimu Nachingwea anahitaji orodha ya vitenzi vilivyojaribiwa darasani kuliko anavyohitaji toleo jingine la orodha ya nomino.