Ndoa Zilizoachwa Nje ya Nasaba: Uhakiki wa Barua na Wosia wa Ukoo wa Paston, Uingereza, Karne ya 15

1. Utangulizi

Nasaba huchukuliwa mara nyingi kuwa orodha ya waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Makala haya yanaisoma nasaba kama matini: ina mtunzi, ina hadhira, na ina mambo ambayo mtunzi ameamua kuyanyamazia. Katika nasaba za waungwana wa Uingereza wa Zama za Kati, jambo linalonyamaziwa aghalabu ni ndoa, hasa iliyomuunganisha mwungwana na mtu wa hadhi ya chini. Neno mwungwana linafaa hapa kwa maana yake ya asili katika Kiswahili, yaani mtu huru asiye mtwana, kwani mpaka huohuo ndio uliowahangaisha waungwana wa Uingereza.

Mfano wetu ni ukoo wa Paston wa Norfolk, ambao barua zake zilianza kuchapishwa na John Fenn mwaka 1787, na kuhaririwa upya na Norman Davis katika miaka ya 1970. Tunadai kwamba ukoo huu una ndoa mbili zilizosukumwa pembezoni kwa sababu moja, na kwamba zote mbili hudhihirika pale mhakiki anapoyapima maneno ya hati.

2. Maneno ya ukoo na mitego yake

Hati za Kilatini za wakati huo hutumia neno nepos kwa mjukuu na pia kwa mtoto wa ndugu. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuuhifadhi utata huo. Akiandika mjukuu, ameongeza kizazi kizima. Akiandika mpwa, kwa maana yake finyu ya mtoto wa dada wa mwanamume, ameshadai kwamba palikuwa na dada aliyezaa, dai ambalo hati yenyewe haikulitoa. Kiingereza cha karne ya 15 nacho kilitumia istilahi moja kwa mkwe na kwa mtoto wa kambo. Anayesoma mkwe pale palipokusudiwa mtoto wa kambo humbuni binti ambaye hakuwapo, na papo hapo huifuta ndoa ya pili ya mjane.

Majina nayo hupotosha. John Paston wa kwanza (1421–1466) alikuwa na wana wawili walioitwa John, wote wakafikia utu uzima. Bintiye aliitwa Margery. Mwaka 1477, John mdogo alimwoa Margery Brews, naye akawa Margery Paston. Mawifi hawa wawili waliochangia jina ni rahisi kuchanganywa, na anayeelekea kusahaulika ni yule aliyezaliwa ndani ya ukoo.

3. Ndoa ya kwanza: Clement na Beatrice

Mwaka 1466, Mfalme Edward wa Nne aliwatambua akina Paston kuwa waungwana wa damu tangu uvamizi wa Wanormani. Hata hivyo, ipo hati isiyo na jina la mwandishi, iliyoandikwa na adui wa ukoo, inayosimulia mengine. Kwa mujibu wake, Clement Paston alikuwa mkulima wa kawaida, na mkewe, Beatrice Somerton, hakuwa mtu huru. Hati hiyo yaongeza kwamba mwana wao, William, alisomeshwa kwa fedha za kukopa, kisha akajifunza sheria kwa msaada wa mjomba wake, Geoffrey Somerton. William huyu ndiye aliyekuja kuwa jaji wa mahakama ya kifalme mwaka 1429.

Je, mhakiki amwamini adui? Shutuma ya utwana ilikuwa silaha, kwani mtwana hakuwa na haki kamili ya kumiliki ardhi. Hivyo hatuna budi kuipokea kwa tahadhari. Msaada wa mjomba, kwa upande mwingine, haukuwa tusi kwa yeyote. Umetajwa kwa kupita tu, nao unajibu swali ambalo nasaba rasmi inayofuata upande wa baba haiwezi kulijibu: mtoto wa mkulima alifikaje kwenye elimu ya sheria? Alifika kwa njia ya ndoa ya mama yake. Ukoo ulikuwa na sababu ya kuisahau ndoa hiyo. Adui alikuwa na sababu ya kuihifadhi.

4. Ndoa ya pili: Margery na Richard Calle

Mwaka 1469 ilibainika kwamba Margery amefunga ndoa kwa siri na Richard Calle, msimamizi wa mashamba ya ukoo, aliyetoka katika jamaa ya wenye maduka wa Framlingham. Kaka yake, John mdogo, aliapa kutoridhia kamwe dada yake auze mishumaa na haradali mjini humo.

Kwa sheria ya Kanisa tangu karne ya 12, ndoa haikuhitaji kasisi wala shahidi ili iwe halali. Maneno ya ridhaa katika njeo ya wakati uliopo yaliifunga papo hapo. Ya wakati ujao yalikuwa ahadi. Ndiyo maana Askofu Walter Lyhert wa Norwich alimtaka Margery ayarudie maneno aliyoyatamka, kisha akamhoji Calle peke yake, aone kama maneno, mahali na wakati vinalingana. Margery alijibu kwamba ikiwa maneno yale hayakutosha, yuko tayari kuyatia nguvu palepale, kwa kuwa katika dhamiri yake alikwisha kufungwa. Ndoa ikasimama.

Tunayajua haya kutokana na barua ya mama yake, Margaret, kwa mwanawe mkubwa. Barua hiyo husomwa sana kama kisa cha mapenzi. Ikisomwa kwa jicho la nasaba, ni tendo la kufuta: Margaret anaeleza kwamba amemfungia binti mlango na kuwakataza watumishi wasimpokee, kisha anamfariji mwanawe kwamba aliyepotea hakuwa na thamani. Calle, aliyejua hesabu za mashamba, aliendelea baadaye kuutumikia ukoo. Huduma yake ilihitajiwa hata pale ambapo ukwe wake ulikuwa aibu.

Kisha waja wosia wa Margaret wa mwaka 1482. Humo anamwachia John Calle, mwana wa binti yake Margery, pauni 20, atakapofikisha miaka 24. Akifa kabla, zigawanywe sawa kwa ndugu zake, William na Richard. Margery mwenyewe hapewi kitu. Lakini kwa kumwita Margery binti yake katika hati ya kisheria, Margaret aliirudisha katika maandishi ndoa ambayo miaka 13 kabla aliifungia mlango.

5. Hitimisho

Kuanzia mwaka 1530, maofisa wa mfalme walizunguka wilaya za Uingereza wakiandika nasaba kwa kutegemea sana maelezo ya wakuu wa koo wenyewe. Walichoambiwa ndicho kilichoingia vitabuni. Makala haya yanapendekeza kwamba mtafiti wa nasaba aanze na hati ambazo lengo lake halikuwa nasaba: wosia, kesi, barua ya hasira, hata shutuma ya adui. Kwa wafasiri wa Kiswahili pendekezo ni mahususi zaidi. Pale hati inapoacha utata katika neno la ukoo, tafsiri iseme jamaa, na maelezo yataje uwezekano wote, hadi ushahidi wa ndoa yenyewe upatikane.