Uzuri Hauna Hatia: Paul Theroux Dirishani

Waandishi chipukizi tuna ugonjwa mmoja. Tukimpandisha mhusika kwenye treni tu, tunamkimbiza dirishani. Hapo minazi inaanza kurudi nyuma, bahari inametameta, jua linazama, na hadithi yenyewe imelala fofofo. Nimeandika hivyo mimi mwenyewe, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Ila majuzi nimerudia kitabu cha jamaa mmoja aliyebahatika kupata dirisha zuri kuliko yote, akaona vizuri kilichokuwa nje, halafu akateleza vibaya mahali pamoja. Kuteleza kule ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Jamaa mwenyewe ni Paul Theroux, Mmarekani. Si mgeni kabisa kwetu, maana alifundisha Malawi, kisha Makerere tangu 1965 hadi 1968. Kitabu ni The Great Railway Bazaar, kilichotoka 1975. Anaondoka London kwa treni, anaizunguka Asia, anarudi kwa kupitia Siberia. Mwaka 1973 yuko Vietnam ya Kusini. Majeshi ya Marekani yameondoka Machi mwaka huohuo, lakini vita bado.

Reli aliyoikuta ilikuwa vipande vipande. Wafaransa waliikamilisha 1936, kilomita 1,726 kutoka Hanoi mpaka Saigon. Mwaka 1954 nchi ikakatwa mapande mawili, na reli nayo ikakatika. Kilichobaki kikaliwa na mabomu na hujuma. Basi Theroux hakulala humo usiku. Alipanda vipande tu, vya mchana, kimojawapo kutoka Hue hadi Da Nang, kilomita 103 hivi. Ndicho kipande kinachozunguka mlima Hai Van, mahali ambapo reli imebanwa kati ya jabali na maji, na bahari iko chini kabisa ya dirisha. Jina lenyewe maana yake ni bahari na mawingu.

Na hapo, bwana, jamaa anaandika! Anakiri kwamba tangu London hajaona mahali pazuri kama pale. Anashangaa kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia. Miaka yote ile magazeti yalijaa Vietnam, lakini Vietnam ya magazeti ilikuwa matope, damu na hesabu ya maiti. Kumbe ilikuwa nchi, tena nchi ya kukufanya ukae kimya. Huu ni uhakiki mkali sana wa waandishi wa vita, naye ameufanya kwa kutazama tu nje. Mpaka hapa nampa mkono.

Kisha anateleza. Anasema (nayaweka kwa maneno yangu) kwamba hatuwezi kumlaumu askari mwenye hofu kwa kutouona uzuri ule, lakini tulipaswa kujua: Wafaransa wasingeitawala nchi ile, wala Wamarekani wasingeipigania muda mrefu namna hiyo, kama nchi yenyewe haikuwa imeiva kiasi cha kulialika jicho liichukue.

Hebu isome tena polepole. Ina mdundo, inapendeza, ndiyo maana inapita bila kukaguliwa. Lakini inasema nini? Kwamba uzuri ndio uliowaita. Ni hoja ileile ya mzee wa mtaani anayesema binti kayataka mwenyewe, mbona alipendeza? Wafaransa hawakwenda Indochina kutazama bahari. Walikwenda kwa ajili ya mpunga, mpira, makaa ya mawe, na njia ya biashara kuelekea China. Wamarekani walikwenda kuuzuia ukomunisti. Mandhari hayakutia saini popote. Theroux hakuwa mtetezi wa vita ile, hata kidogo, na ndiyo maana sentensi hii inaniuma zaidi. Utamu wa kuandika ulimshika, ukamzidi nguvu. Ni mara ngapi pwani yetu hii ya Lamu, Unguja na Bagamoyo imeandikwa hivyohivyo, kana kwamba fukwe zake ndizo zilizotuma barua ya mwaliko?

Sasa tuje kwenye usiku ambao Theroux aliukosa. Baada ya nchi kuungana, reli ilikarabatiwa, madaraja zaidi ya 1,300, na tarehe 31 Desemba 1976 njia nzima ikafunguliwa. Leo unaweza kupanda Hanoi jioni ukalala. Reli ina upana wa mita 1, sawasawa na ile ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, kwa hiyo behewa ni jembamba, na wewe uliyepanda za kwetu unajua hali yake. Daraja la vitanda vigumu lina vitanda sita kila chumba, vitatu kila upande. Cha chini ni ghali, cha juu ni rahisi. Wa juu hawezi hata kuketi wima, na dirisha halioni. Akitaka kuiona bahari ya Hai Van inabidi ashuke, asimame ukumbini, au aombe kukaa kwenye kitanda cha mtu asiyemjua.

Mimi hadithi naiona hapo. Mandhari ya bure yana mlango, na mlango huo ni godoro la mtu. Nani atasogea? Nani atajifanya amelala? Theroux mwenyewe anapong'ara, anang'ara katika mambo kama haya. Kitabu chake kizima kimejengwa kwa maongezi ya abiria, na ukizitoa sauti zile kitabaki ratiba ya treni.

Kuna jambo jingine. Ukitoka Hanoi jioni, bahari ile unaifikia asubuhi, baada ya Hue. Lakini kabla ya Hue, mapemamapema, treni inavuka mto Ben Hai. Si mto mkubwa. Ndio uliokuwa mpaka wa nchi mbili tangu 1954, karibu na latitudo ya 17, na watu wengi walikufa kwa ajili yake. Theroux asingeweza kuuvuka kwa treni mwaka 1973. Alirudi 2006, safari aliyoiandika katika Ghost Train to the Eastern Star (2008), na safari hiyo reli ilimfikisha mpaka Hanoi.

Abiria wengi saa ile wamejifunika shuka. Kamera ziko kwenye mabegi, zinasubiri Hai Van. Wa kitanda cha chini pengine ni mama mtu mzima aliyeamka zamani, kwa mazoea tu, anamenya chungwa na kutazama nje mahali ambapo hapana cha kutazama. Kijana wa juu anashuka kwenda chooni. Mama anasogeza miguu, anampisha akae.