Nani aliamuru maji ya chumvi?

Hukumu kwanza, maana wasomaji wa safu hii hawapendi kuzungushwa: gego liling'olewa vizuri, mgonjwa akaharibiwa mlangoni.

Kisa chenyewe mnakijua, kimeshazunguka hapa Bukavu kutoka Kadutu hadi Nyawera. Kijana, gego la mwisho la chini kushoto, limelala likielekea mbele, nusu yake imefunikwa na fizi. Aliulizwa kuhusu dawa za kulainisha damu na ugonjwa wa ini, ganzi ikashika, nyenzo ikaingia mahali pake, mizizi ikatoka mizima, nyuzi mbili zikafungwa. Kazi safi. Tuendelee.

Kijana akauma kompresi, akalipa, akaonyeshwa mlango. Hapo ndipo aliposimama yule aliyemwaga mchuzi wote. Sitaitaja dispanseri wala mtu. Maneno yake yalikuwa haya: ukifika nyumbani itoe kompresi, usukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi, usafishe hiyo damu. Leo hiihii, jioni.

Tuyapime maneno hayo kwa saa, maana kosa lote liko kwenye saa. Jino lilitoka saa tisa alasiri. Ganzi tunayochoma huwa na adrenalini ndani yake, na kazi ya adrenalini ni kubana mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana mara nyingi shimo la jino huonekana kavu pale kwenye kiti, na ndiyo maana ukavu huo haupaswi kumdanganya mtu. Baada ya saa chache adrenalini huisha nguvu, mishipa hufunguka tena, na damu ambayo haikuonekana alasiri huja kudai njia yake. Kitu pekee kinachoizuia saa hizo ni donge la damu lililoanza kuganda ndani ya shimo, bado laini, bado halijashika mfupa. Saa moja jioni, wakati adrenalini ndiyo kwanza inaaga, kijana akafanya alivyoagizwa: akasukutua kwa nguvu, akatema, akasukutua tena. Ni kama kumwagia ndoo ya maji ukuta wa udongo uliokandikwa mchana huohuo.

Donge hilo halikuwa uchafu. Lilikuwa ndiyo dawa yenyewe, na ndilo pekee ambalo hakuna famasi ya Bukavu inayoliuza. Ndani yake ndimo nyama mpya inamoanza kuota, na chini yake mfupa unajificha usiguswe na mate, hewa na chakula. Aliyesema "usafishe hiyo damu" aliamuru tiba itemwe kwenye beseni.

Na maji ya chumvi si adui. Ni mema sana, kesho. Saa 24 za kwanza hakuna kusukutua, hakuna kutema kwa nguvu, hakuna mrija, hakuna sigara, hakuna pombe ya kasiksi. Mate yakijaa, yameze au yaache yadondoke yenyewe. Kuanzia siku ya pili, maji ya vuguvugu yenye chumvi huzungushwa polepole baada ya chakula, kwa kuinamisha kichwa huku na huku. Dawa ileile, mdomo uleule, saa 24 za tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kupona na kuteseka. Mgonjwa alipewa karatasi ya Kifaransa iliyotaja hayo yote, nayo ikakunjwa mfukoni. Nimeshasema hapa mara nyingi kwamba karatasi haiuguzi mtu. Mgonjwa akaririshwe kwa mdomo, naye ayarudie maneno mbele ya anayemsindikiza.

Yaliyofuata yalitabirika. Saa nne usiku mdomo umejaa, mto umelowa. Ndugu wakaja na tochi ya simu, wakawa wanafungua na kuchungulia kila baada ya dakika chache, na kila kuchungulia kukaanzisha upya kila kitu. Wakashindilia pamba, ambayo nyuzi zake hushikamana na donge na kuling'oa pamba inapotolewa. Kisha mjomba mwenye huruma akatoa aspirini kwa ajili ya maumivu, dawa inayozipunguzia chembe sahani za damu nguvu ya kushikana. Familia siilaumu. Waliachwa bila maelekezo, wakajaza pengo kwa mapenzi.

Walichopaswa kufanya mnakijua: mketishe mgonjwa kichwa kikiwa juu, futa mabonge yaliyoning'inia nje ya shimo, kunja kompresi au kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kiwekwe juu ya shimo lenyewe na si juu ya meno ya jirani, aume kwa nguvu dakika 30 za saa, si za kukisia. Hakuna kuchungulia. Ikishindikana, mara ya pili, dakika 30 nyingine. Ikishindikana hiyo pia, au kizunguzungu kikianza, mwiteni motari wa pikipiki mwende hospitali usiku huohuo. Mate ya rangi ya waridi hadi kesho yake si kuvuja damu. Tone moja hutia rangi mate mengi. Damu inayoujaza mdomo ndiyo ya kuogopwa.

Sasa niwarudishe kwa wazee, najua mtanung'unika. Wauguzi wa zamani waliofunzwa Katana, enzi ambazo hospitali ya Fomulac ilikuwa bado Fomulac, hawakuwa na nusu ya vyombo tulivyonavyo leo. Niliowajua mimi walikuwa na benchi, saa ya ukutani na ubishi. Hukuruhusiwa kuinuka kwenye benchi kabla ya nusu saa kwisha, uwe mwalimu, askari au mke wa chifu. Kisha muuguzi alikuja, akafungua mdomo mara moja tu, akaangalia, na damu ikiwa bado inatoka ulianza upya. Vijana wetu wana ganzi bora, taa bora na nyuzi bora, lakini mgonjwa anayefuata ameshaketi kwenye kiti kabla wa kwanza hajafika barabarani.

Na kwa kuwa nimeanza na mashujaa, nimtaje tena daktari Utako Okamoto, hata kama mmeshamchoka. Yeye na mumewe Shosuke walitangaza asidi ya traneksamiki huko Japani mwaka 1962. Dawa hiyo haigandishi damu. Inazuia donge lililokwisha kuganda lisiyeyushwe mapema, na mate yetu yana nguvu ya kuyeyusha donge. Okamoto alitaka ijaribiwe kwa wazazi wanaovuja damu, madaktari wa Kobe hawakumsikiliza. Alifariki 2016. Mwaka uliofuata, utafiti wa WOMAN, wenye wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, ukaonyesha kwamba inapunguza vifo vya kuvuja damu baada ya kuzaa, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Kwa meno hesabu ni rahisi: kidonge cha miligramu 500 kikisagwa ndani ya mililita 10 za maji safi hutoa mchanganyiko wa asilimia 5. Muuguzi huloweka kompresi humo, mgonjwa akauma. Mji huu unaijua dawa hiyo katika wodi ya wazazi. Kwenye kiti cha meno inasahaulika, na hilo ninalo kifuani siku nyingi.

Tumrudie kijana wetu. Siku ya nne alirudi, maumivu yakipanda hadi sikioni, mdomo ukinuka, shimo tupu na mfupa ukionekana. Shimo kavu, hali ambayo Crawford aliieleza mwaka 1896 na ambayo magego ya chini ya mwisho huipata kuliko meno mengine. Akaandikiwa amoksilini. Hakuwa na homa wala usaha, lakini amoksilini siku hizi huandikwa kama salamu. Bahati nzuri mhudumu mwingine alilisafisha shimo taratibu kwa maji ya saline na kuweka dawa yenye yujenoli, mafuta yaleyale yanayopatikana katika karafuu za Pemba. Maumivu yakashuka siku hiyohiyo. Heko kwake.

Mengineyo yalikwenda sawa: barafu shavuni siku ya kwanza, uvimbe uliopanda siku ya pili na ya tatu ukashuka wenyewe, uji uliopoa na ndizi za kuponda badala ya samaki sambaza wa kukaanga.

Kwa wenye dispanseri ninalo dai moja. Kabla hamjaagiza koleo jingine, nunueni benchi na saa ya ukutani, na mumpe mtu mmoja kazi ya kukaa na aliyeng'olewa jino kwa nusu saa, aangalie shimo, kisha amkaririshe saa 24 zake. Asiyeweza kumpa mgonjwa nusu saa hiyo asiguse gego la mwisho. Amtume kwa anayeweza.