Redio kwanza, kinu baadaye

William Kamkwamba wa Malawi anajulikana kwa kinu cha upepo alichokijenga kijijini kwao, wilaya ya Kasungu, baada ya njaa ya 2001 na 2002 kumtoa shuleni kwa kukosa ada. Feni ya trekta, fremu ya baiskeli, mapanga ya bomba la plastiki lililolainishwa kwa moto: hayo ndiyo watu waliyoyashangaa alipopanda jukwaani kwenye mkutano mjini Arusha mwaka 2007. Mimi navutiwa zaidi na redio mbovu alizozifungua kabla ya hapo pamoja na binamu yake, wakichomea lehemu kwa waya uliopashwa jikoni.

Jaribio moja linatosha kuonyesha alivyojifunza. Walichukua baiskeli yenye dainamo, wakaunganisha nyaya zake mahali pa betri za redio. Kimya. Wakazihamishia kwenye tundu lililoandikwa AC, redio ikaimba. Dainamo ile ile, redio ile ile.

Ndani ya dainamo sumaku huzunguka karibu na koili, na kila nguzo zake zinapopishana umeme hugeuza mwelekeo. Betri husukuma upande mmoja tu, na saketi za redio zinataka hivyo hivyo. Umeme unaoingilia tundu la AC hupitia kwanza transfoma, kisha diodi zinazounyoosha mkondo. Taa ya baiskeli isingemfundisha hilo, maana nyuzi zake huwaka umeme uende huku au urudi. Ndiyo maana sipendi kozi zinazomweka mwanafunzi wiki nzima kwenye balbu na swichi.

Kitabu kilikuja baadaye, *Using Energy*, katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, na michoro yake ikampa majina ya vitu alivyokwisha kuvishika. (Filamu ya 2019 kuhusu maisha yake inakionyesha kinu kikivuta maji, lakini kile cha kwanza kiliwasha taa na redio.)

Kazi yake bora kwangu ni kikata umeme alichokiunda kwa ajili ya nyaya za kinu hicho. Misumari miwili iliyozungushiwa waya wa shaba, katikati sumaku. Nyaya zikigusana, mkondo hupanda ghafla, msumari unapata nguvu, sumaku inachomoka ilipokuwa na saketi inakatika kabla paa la nyasi halijashika moto. Hakijaandikwa ampea popote: ukitaka kikate mapema au kichelewe, unaongeza mizunguko ya waya au unasogeza msumari, kisha unajaribu tena.