Ufundi wa Kumrudisha Mtu

Asubuhi mwaloni Rumonge, Burundi, mitumbwi iliyokesha na taa zake ikisha kushusha ndagala, mchanga hubaki umelowa na kukanyagwa kila upande. Hapo niliona kiti cha magurudumu kikishindwa. Magurudumu madogo ya mbele yalizama, msukumaji akakigeuza, akakivuta kinyumenyume hadi barabarani. Hakikuwa kibovu. Kilitengenezwa kwa sakafu ya hospitali, si kwa ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kingine nilikikuta uani, chini ya michikichi. Kuku walikuwa wanatagia juu yake. Aliyekileta alipiga picha siku hiyo, wala hakuonekana tena.

Kuku wale walinifundisha kuheshimu kazi niliyokuwa naidharau: kuongoza shirika la huduma za watu wenye ulemavu. Nilidhani ni kazi ya gari jeupe na semina za hotelini. (Kwa wengine ndivyo ilivyo, tusifichane.) Fundi wa miguu bandia husifiwa na kila mtu, na ana haki yake. Anatia alama kwa penseli kwenye kisiki cha mguu pale mfupa unapoikaribia ngozi, anakizungushia bandeji ya plasta, anaijaza kalibu inayotokea, kisha umbo litokalo humo analivika shiti ya plastiki iliyotoka tanurini ikiwa laini kama unga wa chapati. Siku chache baadaye mtu anasimama, nasi tunapiga makofi. Mkurugenzi hana kitu cha kupigiwa makofi. Kazi yake utaijua mtu yule yule anaporudi mara ya pili.

Chukua mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Kwa njia ya Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, mtoto hufungwa plasta mpya kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Halafu mara nyingi hukatwa kano ya kisigino, na kufungwa plasta ya mwisho ya majuma matatu. Hapo miguu imenyooka na mama anashangilia. Kumbe safari ndiyo kwanza imeanza. Viatu vilivyoungwa kwa chuma huvaliwa saa 23 kwa siku muda wa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu, hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Anayeviacha njiani, nyayo zake mara nyingi hupinda upya. Nani atamkumbuka mama huyo mwaka wa tatu, mtoto akilia kila usiku, baba yuko ziwani, na jirani anasema mbona miguu imeshapona, mvue? Daktari ana foleni mlangoni. Anayepaswa kumkumbuka ni yule aliyepanga tangu mwanzo kwamba kutakuwa na mtu wa kumtembelea, daftari la kuandika jina lake, na pesa ya mafuta ya pikipiki.

Kwetu mambo hayo hukwama njiani, na simaanishi kwa mafumbo. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kama kilomita 75 kando ya ziwa, kupitia Minago, na miaka hii maji yamepanda yakala nyumba za pwani na kuing'ang'ania barabara. Kituo cha taifa cha viungo bandia kiko Gitega, juu milimani. Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na mwaka 2018 ikapata sheria yake yenyewe. Ni jambo jema. Lakini sheria haikulipii basi.

Kuhusu nauli, nitavuka mpaka niwasifu watu wa CCBRT, hospitali ya Dar es Salaam. Mwaka 2009 walijiuliza kwa nini wanawake wenye fistula, jeraha la uzazi, hawaji, ilhali matibabu ni bure. Jibu lilikuwa nauli. Wakaanza kuituma kwa ujumbe wa simu, kupitia M-Pesa, kwa mtu wa kuaminika kijijini, aliyemkatia mgonjwa tiketi na kumpandisha basi. Mgonjwa alipofika, mtu huyo naye alipewa kifuta jasho. Erwin Telemans, Mbelgiji, aliiongoza hospitali hiyo kwa miaka kadhaa; baadaye uongozi ukashikwa na Brenda Msangi, Mtanzania. Majengo yao ni makubwa, ila mimi sioni kitu walichokijenga kinachoupita ujumbe ule wa simu. Aliyeubuni alikuwa ameshamwona mwanamke aliyekaa kituoni bila senti, au walau alimsikiliza aliyemwona.

Na kuna padri Fraipont, Mbelgiji pia, aliyeanzisha kituo cha Gatagara, Rwanda, mwaka 1960, kwa watoto wenye ulemavu. Alijiita Ndagijimana, jina la Kinyarwanda ambalo hata Mrundi analielewa bila mkalimani: Mungu ndiye mchungaji wangu. Alifariki mwaka 1982. Gatagara ipo hadi leo. Hicho ndicho kipimo changu, tena kikali: mwenye kituo akishazikwa, je, mtoto wa jana atampata mtu wa kumbadilishia mguu kesho?

Maana mguu bandia wa mtoto haukui pamoja naye. Walau mara moja kwa mwaka unataka kubadilishwa. Binti wa Kigwena, jirani na Rumonge, anayeupata wa kwanza akiwa na miaka sita atahitaji kama kumi na miwili mingine hadi atimize kumi na minane. Ni safari kumi na mbili za Gitega, kwenda na kurudi, yeye na mama yake. Unayeandika bajeti ya mwakani, anza na hizo.