Filozofia ni kazi ya vijana tu? Juu ya kitabu «Gorgias» cha Platon

Katika vitabu vya Platon, wengi wetu twasoma kwanza «Apologia», Socrate anapojitetea mbele ya waamuzi wa Atene, mwaka 399 mbele ya kuzaliwa kwake Kristu. Lakini shitaka kali zaidi juu ya filozofia halimo humo. Limo katika «Gorgias», kinywani mwa Calliclès.

Calliclès hasemi kwamba filozofia ni mbaya. Asema: kwa kijana ni nzuri, kwa kipimo. Bali mtu mzima anayeishikilia ni kama mtu wa mvi asemaye kitoto, astahili fimbo. Ajificha pembeni akinong'ona na vijana watatu wanne, asijue mambo ya mji. Akishitakiwa kwa uwongo, atashindwa kujibu, na atauawa bure.

Wasomaji wapendwa, maneno hayo si ya kale tu. Mara ngapi tumesikia: filozofia ni ya miaka ya seminari, ukipata upadri, funga makaye, kazi yangoja! Asemaye hivyo ni Calliclès aliyevaa kanzu.

Socrate ajibu nini? Hakani kwamba aweza kuuawa. Asema atahukumiwa kama mganga aliyeshitakiwa na mpishi mbele ya watoto: mpishi aliwapa vitamu, mganga aliwapa dawa chungu. Lakini atendaye udhalimu apata hasara kubwa kuliko adhulumiwaye. Basi swali si kujua filozofia yaleta faida gani mjini, bali mtu apaswa kuishi namna gani. Swali hilo halina umri. Tena Calliclès mwenyewe, ili kuonyesha kwamba filozofia haimfai mtu mzima, alilazimika kutoa hoja juu ya haki, juu ya sheria na maumbile, juu ya furaha. Hiyo ndiyo filozofia!

Kitabu hiki kina kasoro yake. Kuelekea mwisho Calliclès ajibu shingo upande, hata akataa kuendelea. Socrate ajiuliza na kujijibu mwenyewe, kisha amaliza kwa hadithi ya hukumu ya wafu. Kumnyamazisha mtu si kumsadikisha. Lakini labda Platon alitaka tuone hilo: hoja iliyo sawa haiingii upesi katika moyo upendao ukubwa. Kila katekista ajua jambo hilo.

Je, tuiache hoja basi? Mtakatifu Yustino, aliyeuawa Roma yapata mwaka 165, aliongoka akiwa mwanafilozofia, wala hakulivua vazi la wanafilozofia. Kwake kutafuta ukweli hakukuisha siku alipoupata.

Someni «Gorgias», ninyi mapadri kama vile waseminari. Mfikapo kwenye maneno ya Calliclès, fungeni kitabu kwanza, mmjibu wenyewe. Halafu ndipo mmsikilize Socrate.