Hongereni, Mafundi wa Magreda ya Zamani
Masika yakiisha, barabara za udongo za Mvumi, wilayani Kilosa, hubaki makorongo matupu, na mpunga unasubiri lori. Hapo ndipo tunapomkumbuka fundi wa greda. Kibati cha namba kikiwa kimeng'oka, yeye huitambua mashine kwa viungo vyake: Caterpillar No. 12, aina iliyoanza mwaka 1938, iliinua bledi kwa mashafti na gia, si kwa haidroli. Gia hizo zikilika, bledi hutetema na barabara hubaki na matuta. Fundi huzijaza kwa kuchomelea, huzichonga, kisha hupima tena. Ni kazi ya subira, na sifa zote huchukua dereva! Hongereni, mafundi. Halmashauri nazo ziwapelekee vijana wa kufundisha kabla hawajastaafu.